Mkoromo wa Shemeji

Rafiki yangu, fundi wa kuchomelea, si mtu wa porojo, asiyemwamini asinisumbue. Alisafiri na shemeji yake kufuata kazi, wakalala uwanja wa ndege wakingoja ndege ya pili. Taa zikapunguzwa.

"Lala, shemeji. Nitakuamsha," shemeji akamwambia.

Kila aliposhtuka gizani alisikia shemeji akikoroma kwenye kiti cha pili, amejifunika koti. "Mlinzi gani huyu," akajisemea, lakini maadamu yupo, ndege haijaondoka. Akalala tena.

Simu ikamwamsha. Shemeji.

"Nisamehe. Kazi ilikuwa ya mtu mmoja. Nimeshapanda, tunaondoka."

"Umeniacha, shemeji? Mimi niliyekufundisha kushika chuma?"

Simu ikakatika. Kwenye kiti cha pili, chini ya koti, mkoromo uliendelea kidogo, kisha ukakoma, kama wa mtu aliyeanza kusikiliza.