Mwamba wa Pindo

"Usiheme hivyo, mwalimu, pini zitakuchoma."

"Nahema kwa sababu nikikumbuka nataka kulia tena."

Fundi alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya chumba chake cha kushonea, pini nne mdomoni, akipima upindo wa gauni la mwalimu wa sekondari, mteja wake wa miaka mingi. Mwalimu alisimama juu ya stuli, na mdomo wake, kama kawaida, haukuwa na breki. Wiki iliyopita walimu wa shule yake walikwenda kutembelea vivutio vya nchi, vituo saba kwa siku mbili. Tangu aingie alikuwa amekwisha kusimulia maporomoko, pango la popo, magofu na chemchemi ya maji moto.

"Lakini kituo cha tano ndicho kilichotumaliza. Ni mwamba tu, unasimama juu yake unaliona bonde lote mpaka ziwani. Kiongozi wetu wa watalii, mbaba mpole huyo, akatuambia pale ndipo alipopata habari kwamba mkewe amefariki. Anasimulia na machozi yanamtoka. Fundi, mwalimu wa hesabu alilia. Wa hesabu."

Fundi akacheka kwa pua, kwa sababu ya pini. Mume wake naye alikuwa kiongozi wa watalii, lakini kampuni za utalii pale mjini zilikuwa nyingi kama saluni.

"Mke mwenyewe ukisikia anavyosimuliwa, utampenda. Alikuwa fundi kama wewe. Haruhusu mumewe atoke na uzi unaning'inia kwenye shati, anauma kwa meno pale pale mlangoni. Wageni huweka jiwe moja moja kumkumbuka. Rundo limefika hapa." Mwalimu akaonyesha kiunoni.

Pini moja ikadondoka.

"Alikuwa anaitwa nani?" fundi akauliza.

"Alitutajia lile jina la kumdekeza tu. Pindo. Hata kwenye kipeperushi wameandika, Mwamba wa Pindo. Ninacho hapa kwenye mkoba."

Duniani kulikuwa na mtu mmoja tu aliyemwita fundi yule Pindo, na alimwita hivyo chumbani, kwa miaka ishirini na miwili. Mtu huyo asubuhi ile ile alikuwa amekunywa chai mezani kwake na kumuuliza kama sukari imekwisha.

"Fundi, mbona umenyamaza?"

"Pini," akasema. "Nimekaribia kuimeza."

Jioni mume wake aliporudi, yule ambaye wageni wote walimwita Ramani kwa jinsi alivyojua njia, Pindo alimwekea maji ya kunawa, akakaa kando yake.

"Mume wangu, nami nataka unipeleke nikatembee. Vile vituo vyenu."

"Msimu huu? Barabara ni tope tupu."

"Mwaka jana ulisema vumbi."

"Mwaka jana lilikuwa vumbi kweli."

"Na mwaka juzi magoti yangu."

"Pindo, kuna nini cha kuona kule? Mawe na maji. Wageni wanakuja kwa sababu hawana kazi. Wewe una magauni ya watu."

"Haya," akasema Pindo.

Ukimwona mwanamke mbishi anasema "haya" mara moja tu, jiandae. Kesho yake alifunga cherehani, akaenda ofisi ya kampuni na kujiandikisha kama mgeni yeyote. Karani hakumjua. Alimkabidhi ratiba iliyopigwa chapa vizuri, na kituo cha tano kilikuwa na picha: mwamba, rundo la mawe, na kibao cha mbao chenye jina lake.

Jumatano saa moja asubuhi, Ramani alisimama kwenye mlango wa basi dogo la kampuni akihesabu vichwa. Alipofika kwenye kichwa cha mkewe, hesabu ikampotea.

"Pindo," akanong'ona. "Umesahau nini?"

"Sijasahau kitu. Kiti namba kumi na moja, nyuma."

"Shuka tuongee."

"Wewe ni kiongozi, mimi ni mgeni. Na wageni wenzangu wanachelewa."

Akapanda. Ramani alibaki ameshika orodha kama mtu aliyeshikishwa mtoto asiye wake.

Kituo cha kwanza kilikuwa maporomoko. Kwenye geti kulikuwa na mama mnene mchangamfu mwenye kitabu cha tiketi, akamwona Ramani na uso wote ukafunguka.

"Ramani wangu, pole na safari. Leo pia hujatuletea mama mpya? Utazeeka peke yako baba, miaka minane ni mingi."

"Tiketi kumi na nne, mama," Ramani akasema bila kuinua macho.

Pindo alisimama hatua mbili nyuma yake. Pale pale akaelewa tope, akaelewa vumbi, akaelewa na magoti. Mume wake angempitisha wapi? Kwenye pango, mlinzi alimpa Ramani mkono kwa masikitiko. Kwenye magofu, muuza kofia alimuuliza kama siku hizi anapata usingizi. Nchi nzima ilikuwa imemzika Pindo, yeye tu ndiye ambaye hakuambiwa.

Usiku ule Pindo alilala chumba kimoja na wageni wanawake. Siku ya pili, baada ya chemchemi, Ramani alisimama mbele ya basi na kusafisha koo.

"Ndugu wageni, kituo cha tano leo tutakiruka. Njia ya kupanda imeharibika."

Minong'ono ikaanza. Bibi mmoja wa kiti cha mbele, aliyevaa kofia ya ukindu, akainua mkono wake mwembamba.

"Mwanangu, mimi maporomoko hayakunileta. Nimefiwa na mzee wangu mwezi wa tatu. Nimekuja kwa ajili ya huo mwamba. Jiwe nimelitoa nyumbani kwangu." Akalifungua kwenye leso. Lilikuwa jiwe la kawaida, la uani. "Nataka kusikia mtu aliyefiwa akaendelea kuishi. Kama ni kutambaa, nitatambaa."

Ramani alitazama kiti cha nyuma. Pindo hakumpa kitu, si hasira wala ruhusa. Alitaka kuona mume wake atafanya nini akiwa hana mtu wa kumshika mkono.

Wakapanda. Njia ilikuwa safi kabisa.

Rundo la mawe lilikuwa kubwa kuliko lilivyokuwa pichani. Wageni walikaa kwenye nyasi, bibi akaketishwa mbele kabisa. Ramani alivua kofia, na Pindo akasema moyoni: sema sasa. Sema nipo hapa.

"Mke wangu," Ramani akaanza. "Mke wangu alikuwa anacheka kabla ya kumaliza kusimulia kichekesho, kwa hiyo mwisho wa vichekesho vyake siujui mpaka leo. Akishona usiku sikuwa naweza kulala mpaka cherehani inyamaze, na ikinyamaza nilikuwa nafurahi, najua sasa anakuja. Sikuwahi kumwambia. Nilipigiwa simu nikiwa nimesimama hapa, nikaona kwamba nimemjua miaka yote hiyo na sikuwahi kumwambia hata moja."

Alilia kweli. Bibi alilia, basi zima lililia. Pindo naye alilia, kwa hasira, kwa sababu yalikuwa maneno mazuri mno na ilibidi afe ndipo ayasikie.

Bibi aliweka jiwe lake kwanza. Wakafuata wengine. Zamu ya Pindo ilipofika aliokota kokoto, akaiweka juu kabisa ya kaburi lake, akageuka na kumpa mume wake mkono kama walivyofanya wageni wote.

"Pole sana, baba," akasema. "Inaonekana alikuwa mke mzuri."

Nyumbani hawakungoja hata kuvua viatu.

"Nisikilize kwanza," Ramani akasema.

"Nimekusikiliza mwambani, na kwa tiketi."

"Pindo, ile simu ilikuwa ya kweli. Mwaka ule wa upasuaji wako. Dada yako alinipigia akasema daktari kawaambia wajiandae, hufiki asubuhi. Nilikuwa na wageni tisa. Niliketi pale chini nikawaambia nimefiwa, kwa sababu moyoni nilikuwa nimekwisha fiwa. Nikasafiri kurudi, nikakukuta umefungua macho unaomba maji. Nilifurahi nikawasahau wale wageni kabisa."

"Halafu?"

"Halafu wakaandika barua za pole ofisini. Bosi akachapisha kipeperushi. Kundi lililofuata likaja na maua. Nikajiambia wiki ijayo nitarekebisha. Wiki ijayo ikawa miaka minane. Nilishindwa kukufufua, Pindo."

"Ulishindwa, au ulinogewa?"

Ramani akaketi. Kisha akasema polepole, "Vyote viwili."

Lilikuwa jibu la kweli la kwanza siku ile, na ndilo lililomuumiza zaidi.

"Kuniua ningekusamehe," Pindo akasema. "Lakini miaka minane unanipenda mbele ya watu baki, ukirudi nyumbani unaniuliza sukari. Na leo nilikuwa hai mbele yako, umenitazama machoni, ukanizika tena."

"Yule bibi..."

"Yule bibi alitaka ukweli kuliko sisi wote. Nisogezee huo mkoba."

Dada mkubwa wa Pindo, mpika keki mwenye maneno makali, alimpokea mlangoni na unga mikononi. Alisikiliza mpaka mwisho, akakaa kwenye gunia la unga.

"Mdogo wangu, mwanaume akikupiga unakwenda polisi. Akikuua kwenye ratiba unakwenda wapi?"

Walicheka mpaka wakashikana mabega, kisha Pindo akalia sana, na dada akamwacha alie.

Ujumbe wa kwanza uliingia siku ya pili. "Nisamehe mke wangu. Nyumba haina sauti." Hakujibu.

Siku ya nne: "Nimemwambia bosi ukweli. Amenisimamisha. Kipeperushi kinachapwa upya."

Pindo aliandika, "Bosi ni mtu mmoja."

Siku ya sita: "Nimempata yule bibi kwenye orodha ya wageni. Nimempigia nikamweleza. Amenikatia simu. Baadaye amenipigia akauliza kama mke wangu ni yule wa kokoto. Nikasema ndiye. Akasema mwambie alie na mumewe angali hai, mimi siwezi tena."

Huo Pindo aliusoma mara nyingi, mpaka dada akamnyang'anya simu akidai anamwagia keki machozi. Asubuhi yake alijibu: "Jumamosi saa tatu, kituo cha kwanza. Nitakuja kivyangu. Utawaambia wewe, mimi sitasema neno. Ukishindwa, upande wa pili wa barabara kuna kituo cha basi la kurudi kwa dada."

Jumamosi alivaa gauni la kijani alilojishonea bila haraka. Mkoba wake wa nguo alikuja nao begani. Ramani alikuwa amekwisha fika, shati limepigwa pasi na mtu asiyejua kupiga pasi. Hawakushikana mikono. Wakaenda getini.

Mama wa geti aliwaona kwa mbali, akafunga kitabu cha tiketi.

"Ramani! Leo bila basi?"

"Leo siko kazini, mama."

"Na huyu..." Akamtazama Pindo juu hadi chini. "Si ndiye yule mama aliyekuja na kundi la juzijuzi? Aliyekaa kimya nyuma? Ha! Kumbe ulimpata basini mwako mwenyewe. Hongera, baba, hongera sana. Hata marehemu huko aliko amefurahi."

Alimshika Pindo mkono na kuutikisa. "Karibu, mke mpya. Mtunze, ameteseka huyu."

Hapo Pindo aliona mlango ambao hakuwa ameufikiria. Ramani angetabasamu tu na kusema asante. Angepewa hongera kwenye mageti yote saba, hakuna ambaye angeaibika, na mkewe angeruhusiwa kuingia popote, mradi akubali kuwa mwanamke mwingine. Aliona kwamba Ramani naye ameuona mlango huo. Yeye alikuwa ameahidi kunyamaza, akanyamaza, akausogeza mkoba vizuri begani na kutazama kituo cha basi ng'ambo ya barabara.

"Asante, mama," Ramani akasema.

Pindo akageuka.

"Lakini si mke mpya."

Mama wa geti alikuwa bado anacheka. "Ni nani basi?"

"Ni yule yule."

"Yule yupi?"

"Pindo. Hakufa. Aliugua akapona, mimi nikaendelea kusema amekufa. Miaka minane nimekudanganya wewe, na mlinzi wa pango, na wageni wote. Huyu ndiye mke wangu, sijawahi kuwa na mwingine."

Maji ya maporomoko yalisikika nyuma ya miti. Mama wa geti aliuachia mkono wa Pindo, kisha akaushika tena, akaubonyeza kama anayepima kama una damu.

"Mimi nilipanda mpaka kule juu na magoti yangu haya," akasema. "Nilimwekea jiwe."

"Najua, mama," Ramani akasema.

"Nilifunga siku mbili nikimwombea."

"Najua. Nisamehe."

"Wewe nyamaza." Akafungua kitabu cha tiketi, akachana moja tu. "Wewe lipa, kisha upite haraka kabla sijakuponda na hiki kiti. Mama, wewe ingia bure. Umekaa nje sana."

Wakashuka kwenye njia ya mawe, yeye mbele, mumewe nyuma. Walipofika kwenye ngazi za kuteleza Ramani alinyoosha mkono, na Pindo akautazama kabla ya kuushika.

"Nyuma ya ile miti ndipo maji yanapoanguka," Ramani akasema. "Ukipaona kwa mara ya kwanza unasahau kupumua. Kila nilipowaleta watu hapa nilikuwa nawaza ungesemaje."

"Na ukirudi nyumbani hukuniambia."

"Sikukuambia. Nakuambia sasa."

Kwenye mkono wa shati la mumewe kulikuwa na uzi mrefu unaoning'inia, na Pindo alikuwa ameuona tangu getini. Meno yalimwasha. Akauacha kwanza, maana vilikuwa vimebaki vituo sita.