Donge la Zebaki Siku ya Mavuno

Mwaka ule rashi ya dhahabu, yaani watu kumiminika kuchimba, ilipoingia Nyabikondo, mji huo mdogo wa Tarime ulijaa watu hadi barabarani. Uji uliisha kabla jua halijachomoza. Chumba kimoja kililaza wanaume sita. Hata kanisani mambo yalibadilika. Zamani mabenchi ya nyuma yalikuwa matupu. Sasa watu walisimama madirishani, na kwaya ilipata sauti nzito nyingi mpaka mwalimu wake akaomba wengine wapumzike.

Jumamosi moja, jiko la kanisa lilikuwa na kazi kubwa. Kesho yake ilikuwa Sikukuu ya Mavuno. Kila mwaka waumini huleta mazao yao mbele ya altare: mahindi, mtama, ndizi, kuku, hata mbuzi. Ibada ikiisha, vitu hivyo hunadiwa uwanjani. Fedha zinazopatikana hufanya kazi ya kanisa. Mwaka huo kanisa lilitaka mabati.

Lakini mwaka huo kulikuwa na jambo jipya. Wachimbaji wa duara moja, shimo lililotoa dhahabu kuliko mengine, walikuwa wameahidi mbele ya watu wote.

"Na sisi ni wakulima," alisema mkuu wao, Kisyeri. "Shamba letu liko chini ya ardhi. Tutaleta mavuno yetu."

Mji mzima ulingoja kuona dhahabu hiyo ikinadiwa.

Aliyepewa kazi ya kuitayarisha alikuwa Waisiko, mkuu wa jiko la kanisa. Watu walimwita Mama Mseti, kwa jina la mwanawe aliyechimba katika duara hilohilo. Wachimbaji husaga mawe, kisha huchanganya unga wake na zebaki, yale maji mazito yanayong'aa kama fedha. Zebaki hushika dhahabu, vikawa donge jeupe. Donge likichomwa, zebaki huondoka na dhahabu hubaki. Kwa miezi mitatu Mama Mseti alikuwa akiwachomea wachimbaji jikoni kwake nyumbani. Alichomea kwenye kikaango, mbele ya macho yao, na hakuna punje iliyowahi kupotea. Walimwamini kuliko mnunuzi yeyote.

Basi Jumamosi ile aliweka kikaango juu ya jiko la mkaa pale kanisani, katikati ya masufuria ya chakula.

"Funga mlango, Boke," alisema. "Upepo unanisumbua moto. Tena wapita njia wana macho marefu."

Boke alikuwa mke wa Mseti. Alifunga mlango, akarudi kwenye kigoda chake kumenya viazi. Alikuwa na mimba ya miezi sita. Mwaka uliopita mimba yake ya kwanza ilitoka. Kwa hiyo nyumba nzima ilihesabu siku za hii ya pili, na Waisiko alizihesabu kuliko wote.

"Mama Mseti," alisema Sophia, mpishi mwenzake asiyeishiwa maneno, "nyama inaungua, na wewe unakitazama kikaango kama bwana harusi!"

"Geuza nyama yako, uniache na mchumba wangu," alijibu Waisiko. Wakacheka wote.

Boke hakucheka. Alishika paji la uso.

"Kichwa tena?" aliuliza Waisiko.

"Kichwa, mama. Na mdomo una ladha ya chuma, kama nimelamba jembe."

"Ni mimba hiyo. Mimi ya Mseti ilinifanya nile udongo."

Hapo wakasikia hodi. Aliyeingia ni Muzamil, sonara kutoka Tarime mjini. Alikuja mapema kwa ajili ya mnada wa kesho, mfuko wake wa vifaa begani. Alikuwa mtu mpole, na kila aliyemuuzia alijua kwamba hapandishi sauti.

"Shikamoo mama," alisema. Kisha akaona kikaango. Akamwona Boke.

"Mama, naomba mtoke nje wote. Sasa hivi."

"Tutoke? Chakula cha kanisa atakipika nani, wewe?"

"Tokeni kwanza. Utanigombeza huko nje. Dada, wewe mwenye mimba, tangulia."

Alifungua mlango na madirisha. Alivuta pumzi nje, akaizuia, akaingia, akatoka na kikaango. Akakiweka mbali, mahali ambapo upepo ulikuwa ukienda porini. Kisha akarudi kwao akihema.

Waisiko alimngoja mikono kiunoni. "Haya, fundi. Nimechoma miezi mitatu. Nani amekufa?"

"Hakuna, mama, na Mungu ashukuriwe. Lakini nikuulize. Ile zebaki inayoondoka kwenye donge, inakwenda wapi?"

"Inapotea."

"Haipotei. Inakuwa mvuke. Mlango ukifungwa, mvuke unabaki ndani. Mnauvuta ninyi. Unashika kuta, nguo, sufuria."

"Mbona sikusikia harufu yoyote?"

"Huo ndio ubaya wake. Moshi wa kuni unakuwasha macho, unakimbia. Mvuke huu hauwashi wala haunuki. Unaingia kifuani, unakwenda kwenye damu, mpaka kichwani. Mzee aliyenifundisha kazi alichomea dukani miaka mingi. Mwishowe alishindwa kushika kikombe cha chai. Akasahau majina ya wateja. Akawa mkali hata kwa wajukuu, naye alikuwa mtu wa utani." Akamtazama Boke. "Na mama mjamzito akiuvuta, unamfikia mtoto tumboni. Ubongo wa mtoto ndio kwanza unajengwa. Yeye huumia kuliko sisi wote."

Sophia alitupa mwiko chini.

Wakati huo Kisyeri na Mseti walifika mbio. Walikuwa wamesikia kwamba mnunuzi amechukua kikaango.

"Fundi, umegusa dhahabu yetu kwa ruhusa ya nani?" alifoka Kisyeri.

"Iko pale, haijapungua," alisema Muzamil. Akafungua mfuko wake. Akatoa chungu kidogo cha chuma chenye kifuniko cha kukaza kwa skrubu. Kwenye kifuniko palitoka bomba refu lililoinama. "Wengine wanakiita ritoti. Donge linakaa ndani. Mvuke unapita kwenye bomba, bomba linapozwa kwa maji, na zebaki inarudi kuwa majimaji. Hakuna mtu anayeuvuta mvuke."

Kisyeri alicheka kwa dharau. "Hicho nakijua! Kile kisanduku cha wezi. Mnafunga donge zima, mnafungua nusu. Mama Mseti anachoma wazi, kila mtu anaona. Mama, rudi jikoni umalize kazi. Tumeahidi dhahabu kesho, hatukuahidi aibu."

Waisiko alimtazama Kisyeri. Alitazama kikaango kule mbali. Kanisa zima lilikuwa limemwachia yeye kazi ile. Akiacha sasa, mavuno ya wachimbaji yatakuwa donge jeupe ambalo hakuna atakayejua lina dhahabu kiasi gani. Akaanza kusema, "Labda nimalizie tu, mlango ukiwa wazi..."

"Mama."

Alikuwa Boke. Si kawaida yake kumkatiza mama mkwe mbele ya wanaume.

"Mama, mimi silali. Tangu uanze kuchoma pale nyumbani, silali. Vidole vinanichezacheza. Nilinyamaza kwa sababu kazi ile ndiyo inayotulisha. Lakini huyu mtoto akitoka kama yule wa kwanza, sitaweza, mama."

Mseti aliinamisha uso. Yeye ndiye aliyekuwa akileta madonge nyumbani.

Waisiko alimshika Boke mkono. Akahisi vile vidole vikitetemeka ndani ya kiganja chake. Kisha akamgeukia Kisyeri.

"Mura, kijana wangu, sirudi humo ndani. Si leo, wala siku nyingine."

"Na dhahabu?"

"Unasema fundi ataiba akifunga chombo. Basi hatakifunga yeye. Nitakifunga mimi. Utaangalia ndani kabla, na utaangalia baadaye. Kesho, uwanjani, mbele ya watu wote. Au na mimi ni mwizi?"

Kisyeri alikuna kichwa. "Wewe hapana, mama."

"Basi tumekubaliana."

Mchungaji Heche aliposikia habari hiyo, hakulaumu mtu. Alifunga jiko la kanisa, akaacha madirisha wazi. Chakula kilichokuwa wazi kilizikwa, ingawa Sophia alilia kuiona nyama ile ikifukiwa. Donge lilitiwa kwenye chupa ya maji, Kisyeri akalitunza; masufuria yale na kikaango viliwekwa pembeni visipikiwe tena. Akina mama wakakoka moto mpya nyumbani kwa Sophia, kwa vyombo vya kuazima. Jioni Mseti alimpeleka Boke kulala kwa dada yake, mbali na ile nyumba iliyochomewa zebaki.

Jumapili watu walikuja kama wanaenda harusini. Kwaya iliimba mpaka vumbi likapanda. Kuku walinadiwa, ndizi zikanadiwa, mbuzi mmoja akanunuliwa mara tatu kwa sababu kila mnunuzi alimrudishia Mungu. Lakini macho ya wote yalikuwa kwenye kona ya uwanja, ambako Muzamil alikuwa amechora mstari mrefu kwa majivu.

"Hakuna kuvuka mstari," alisema. "Watoto na wajawazito wakae nyuma kabisa. Na sote tukae upande huu, upepo unakotoka."

Waisiko alisimama mbele. Kisyeri aliingiza jicho ndani ya chungu, akaingiza na kidole.

"Ni kitupu!" alitangaza. Watu wakapiga vigelegele kana kwamba kitupu ni habari njema.

Waisiko alitia donge. Alikaza kifuniko, skrubu baada ya skrubu. Mdomo wa bomba ukaelekea kwenye bakuli la maji, na Muzamil akalizungushia bomba kitambaa kilicholoa. Mkaa ukawashwa. Yule fundi na Waisiko wakarudi nyuma ya mstari pamoja na wengine. Kila mara Muzamil alikwenda kumwagia kitambaa maji, akarudi.

Tone la kwanza lilipodondoka kwenye bakuli, Mseti alipiga kelele. "Ni zebaki! Jamani, imerudi!"

"Kumbe kila siku tulikuwa tunaimwaga hewani," alisema mchimbaji mmoja, "na kesho yake tunanunua nyingine!"

Walingoja mpaka matone yakakoma. Wakangoja tena chungu kipoe kabisa, maana chombo cha moto kikifunguliwa mvuke hutoka. Huo ulikuwa muda mrefu kuliko mahubiri. Ndipo Waisiko akafungua.

Akachungulia. Ndani palikuwa na kitu cha rangi ya kahawia, kama kipande cha mkate ulioungua.

"Si niliwaambia?" Kisyeri aliruka. "Dhahabu yetu iko wapi?"

Minong'ono ikapanda. Lakini Waisiko hakukiachia kile chungu.

"Fundi," alisema, "mbona iko hivi?"

"Ndiyo hiyohiyo, mama. Ikitoka kwenye chombo, juu huwa imefifia. Watu wengi huona rangi hii wakadhani wameibiwa. Ipime, nami nitaiyeyusha. Lakini bado kuna zebaki kidogo ndani yake, kwa hiyo msisogee."

Waisiko alipeleka kile kipande kwenye mzani huku Kisyeri akihakikisha. Kisha Muzamil, akiwa peke yake upande wa pili wa uwanja, akakiyeyusha. Aliporudi, kiganjani mwake palikuwa na tone moja la njano, safi, linalowaka juani.

Uwanja ulilipuka. Wanawake walipiga vigelegele, wachimbaji wakarusha kofia. Kisyeri alilipima tone, akaona uzito ni karibu uleule, akaligeuza, akalitazama tena.

"Fundi," alisema taratibu, "hicho kisanduku unauza?"

"Nilidhani ni cha wezi?"

"Acha maneno. Unauza au huuzi?"

Hata Mchungaji alishindwa kuzuia kicheko.

Jumatatu Boke na Waisiko walikwenda hospitali. Muuguzi aliwasikiliza bila kuwakaripia. Daktari alimpima Boke na mtoto aliye tumboni.

"Siwezi kukuahidi kila kitu," muuguzi alisema. "Lakini mwili hutoa zebaki polepole, kama huongezi nyingine. Usirudi kwenye mvuke hata siku moja. Mume wako avue nguo za kazi kabla ya kuingia nyumbani, zifuliwe peke yake. Zebaki ikimwagika usifagie, maana inasambaa. Iokotwe kwa karatasi ngumu, itiwe kwenye chupa ya maji na kufungwa. Na njoo kliniki kila tarehe yako."

Wakafanya hivyo. Mseti alikwangua kuta za jiko la nyumbani na kuzisiriba upya, Boke akiwa bado kwa dada yake. Kanisa na wachimbaji wakanunua ritoti moja, wakaijengea kibanda kisicho na kuta, mbali na makazi na mto. Baada ya wiki kadhaa, Boke alianza kulala.

Mtoto alizaliwa miezi mitatu baadaye. Alikuwa msichana, na alilia kwa sauti iliyoamsha wodi nzima. Muuguzi alisema aendelee kupimwa, lakini alinyonya vizuri, akafuata uso wa mama yake kwa macho.

Mwaka uliofuata Waisiko alialikwa kuzungumza na akina mama wa kanisa moja huko Serengeti, ambako rashi ilikuwa imeanza. Alikwenda na Boke na mtoto. Hakuficha kitu. Aliwaambia jinsi alivyofunga mlango kwa mkono wa mkwewe mwenyewe, na jinsi alivyosema ni mimba tu.

Mwanamke mmoja aliyeketi karibu na mlango, mke wa mchimbaji, aliuliza, "Na wewe hukujua?"

"Sikujua, mwanangu. Hakuna aliyeniambia. Ninyi nimewaambia."

Yule mwanamke aliinuka kabla mkutano haujafungwa. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya barabara, na wote walimwona. Aliwatoa kwanza watoto wake wawili, akawaketisha mbali. Kisha akarudi ndani, akafungua dirisha la jiko, akafungua na mlango, akauegemeza jiwe usijifunge.