Mjukuu wa Donali

“Rudisha hiyo picha, Lewa. Rudisha niione tena.”

Lewa aliirudisha huku anacheka, akidhani mchumba wake amefurahi. Kwenye simu alionekana Mzungu mwembamba, kofia mkononi, amesimama kando ya kichwa cha treni.

“Ndiye babu yangu huyo,” alisema kwa fahari. “Donali. Alihama kwao Ayalandi mwaka wa hamsini na sita, akaja kutengeneza treni Changamwe. Mwaka mzima namtafuta kwenye mitandao. Leo ndiyo nimepata mjukuu wa kaka yake, mama mmoja aitwaye Cheryl. Kwao walijua tu kwamba alivuka bahari na kwamba huku aliacha mtoto. Mtoto mwenyewe ni baba! Dhahabu, mbona huongei?”

Walikuwa sebuleni kwa kina Dhahabu, Bombolulu. Harusi ilikuwa imebakiza wiki tatu. Dhahabu aliinuka, akafungua kabati la mama yake, akatoa bahasha kuukuu. Akamwekea Lewa mkononi picha ya karatasi iliyoliwa pembe na mende.

Mzungu yuleyule. Kofia ileile. Treni ileile.

“Umeitoa wapi hii?” Lewa aliuliza.

“Ni ya mama. Alinionyesha mara moja tu, nilipomaliza shule.”

“Nani kafungua kabati langu?” Mama Emmaculate alitoka jikoni anajifuta mikono kwenye leso. Alikuwa mweupe, uso una madoadoa, nywele zake nyekundu kama makumbi ya nazi. Alipoziona picha mbili, hakugomba. Aliketi.

“Mama, baba yako aliitwa nani?” Dhahabu aliuliza.

“Ya nini leo?”

“Mama, tafadhali.”

“Donali. Wa reli.” Akamtazama Lewa. “Na wewe picha yake umeitoa wapi, mwanangu?”

“Ni ya bibi yangu, alipewa na Donali mwenyewe. Mimi ni mjukuu wake. Baba yangu Mwarandu ni mtoto wake.”

Mama Emmaculate alishika kifua. “Basi mimi na baba yako ni baba mmoja. Na nyinyi ni ndugu. Kwetu binamu hawaoani.”

Lewa aliizima simu.

*

Wiki ile Lewa alimpigia Dhahabu simu mpaka akachoka. Siku ya nne akaandika:

“Naomba tuongee.”

“Tuongee kama nani? Juzi ulikuwa mume wangu mtarajiwa. Leo sijui nikuite mpenzi au kaka.”

“Niite Lewa tu.”

“Siwezi. Nikilitaja jina lako nasikia raha, halafu nasikia haya.”

Mchungaji alisimamisha matangazo ya ndoa. Kanisani maneno yakaenea: wengine walisema Lewa ana mke Voi, wengine walisema Dhahabu ana mimba ya mtu. Wenyewe walinyamaza. Wangemweleza nani, na aelewe nini?

Cheryl ndiye aliyeleta njia. Alimpigia Lewa akamwambia kuna kipimo cha mate, kinasoma damu ya vizazi. Akatuma vichupa viwili kwa posta. Siku ya kuvirudisha, Lewa na Dhahabu walikutana mlangoni pa posta. Hawakushikana mikono.

“Unaomba majibu gani?” Dhahabu alimuuliza.

“Wallahi sijui tena. Mwaka mzima niliomba niwe mjukuu wake. Sasa kila nikipiga magoti naomba nisiwe.”

“Baba yako akisikia?”

“Baba anajiita Mwarandu Donali tangu shuleni. Mtaa mzima wa Miritini unamwita Donali. Akisikia, atakufa.”

Walingoja wiki saba. Tarehe ya harusi ikapita, siku kama siku nyingine.

*

Simu ya Cheryl iliingia Jumamosi asubuhi. Lewa aliiweka juu ya meza, yeye na Dhahabu na Mama Emmaculate wakainama kuisikiliza.

“Dhahabu ni wetu,” Cheryl alisema. “Hakuna shaka hata kidogo. Mwambieni mama yake tumemtafuta miaka mingi.”

“Na Lewa?” Dhahabu aliuliza.

Cheryl alishusha sauti.

“Lewa, pole sana. Kwako hakuna kitu. Wewe nasi hatuna damu moja, na wewe na Dhahabu pia hamna.”

Dhahabu alipiga kelele, akamrukia Lewa shingoni. Miezi miwili hakuwa amemgusa. Lakini Lewa alisimama kama nguzo ya stima.

“Furahi basi!”

“Nafurahi,” Lewa alisema, machozi yanamtoka. “Lakini Dhahabu, kama babu yangu si yeye, ni nani?”

“Wa kujibu hilo yuko hai. Twende.”

*

Hawe Sarah, bibi yake Lewa, alikuwa na miaka themanini na mitano. Walimkuta uani Miritini anachambua mchicha.

“Shikamoo, Hawe.”

“Marahaba, wanangu. Mmepatana?”

Lewa alichuchumaa mbele yake. Alimweleza habari ya kipimo, polepole, mpaka mwisho. Kikongwe aliendelea kuchambua. Kisha mikono ikasita.

“Mate yanasema hayo yote?”

“Ndiyo, Hawe.”

“Donali hakunigusa hata siku moja,” alisema. “Mimi nilikuwa nikimfulia nguo. Mpenzi wake alikuwa mwenzangu wa jikoni, bibi yake huyu Dhahabu. Wakati huo yeye alikuwa bado hajashika mimba. Mimi nilishika kabla yake.”

“Ya nani?”

“Ya Nyale.”

Lewa hakuelewa. “Nyale yupi?”

“Mume wa dada yangu.”

Dhahabu aliziba mdomo.

“Dada ndiye aliyenilea. Angejua, angejitia kitanzi. Nikamlilia Donali, naye akaniambia: Sarah, sema ni yangu. Mimi mwakani naondoka, hakuna atakayeniuliza. Akanipa na picha yake nimwonyeshe mtoto. Alikuwa mtu mwema. Mtoto alipozaliwa mweusi, nikawaambia watu amefuata rangi yangu. Nami nikasema mwaka mmoja tu, halafu nitaeleza. Imekwenda miaka sitini na nne.”

“Nyale?”

Sauti ilitoka mlangoni. Mzee Mwarandu alikuwa amesimama pale, baba yake Lewa, mtu mzima mwenye mvi, ameyasikia yote.

“Nyale niliyekuwa namwita baba mkubwa?”

“Mwanangu…”

“Nilimzika, mama. Nilimshusha kaburini kwa mikono hii. Wanawe walilia, mimi nikawaambia poleni. Nikarudi nyumbani nikala.”

Hawe Sarah alinyosha mkono. Mwarandu hakuushika. Alichukua kofia yake akatoka, akapita katikati yao kama hawapo.

*

Harusi ilifungwa Kisauni baada ya miezi minne. Cheryl alikuja. Kwenye geti la kanisa alimkumbatia Mama Emmaculate, wakalia mabegani, mmoja kwa Kiingereza, mwingine kwa Kigiriama, nywele zao za rangi moja. Lewa aliyewakutanisha alisimama kando na suti yake, hajui aweke wapi mikono.

“Nimekuletea ukoo, mimi nimebaki bila,” alimnong’oneza Dhahabu.

“Leo si unaoa kwao? Mwite Cheryl shemeji.”

“Shemeji,” Lewa alijaribu. Akacheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Lakini baba yake hakuwapo. Tangu siku ile ya uani alikuwa hasemi na mamake zaidi ya salamu. Mchungaji alitazama saa. Kwaya ikarudia wimbo mara ya tatu. Hawe Sarah alikaa benchi la mbele, kichwa chini, karibu naye nafasi tupu.

Ndipo Mzee Mwarandu alipoingia. Suti nyeusi, viatu vimejaa udongo mwekundu. Alikwenda moja kwa moja mpaka mbele, akamshika Lewa bega.

“Samahani, mwanangu, nimechelewa. Kaburi lilikuwa limeota magugu sana.”

“Kaburi la nani, baba?”

“La baba yangu. Nilikwenda kumwambia mjukuu wake anaoa.”

Akageuka, akaenda benchi la mbele, akaketi kando ya mama yake.

“Shikamoo, mama,” alisema, akaushika mkono wake.

Mchungaji akafungua kitabu.