Fimbo za Chuma na Pilipili za Malsun

Ukungu wa asubuhi kwetu hauna haraka. Ulizoea kulala juu ya mashamba ya mpunga, na korongo weupe walisimama ndani yake kimya. Siku hizi mashamba hayapo. Yalichukuliwa ili ujengwe mji mpya wa nyumba elfu nane, na sisi tuliokuwa na mashamba tukaahidiwa nyumba humo. Lakini ukungu haukupewa habari. Bado unakuja kila asubuhi na kulala palepale.

Jirani yangu Malsun alikuwa na miaka sabini na miwili. Mumewe, mzee Taeksu, aliugua figo. Mara tatu kwa wiki alipelekwa hospitali, damu yake isafishwe kwa mashine. Aliporudi alikuwa hoi, hataki chakula wala maneno. Alitaka usingizi tu. Lakini njia yetu ya zamani ilikuwa mashimo matupu. Gari liliruka, naye alishika mlango kwa mikono miwili, macho kodo.

"Naota barabara laini," alimwambia mkewe. "Gari linakwenda, mimi nimelala tu mpaka nyumbani."

"Barabara inakuja, mzee wangu," Malsun alimjibu. "Vumilia kidogo."

Barabara yenyewe sasa! Mafundi walileta udongo kwa malori. Wakaumwaga juu ya shamba la zamani la Malsun, likawa tuta refu, kimo cha watu wawili. Halafu wakaondoka. Mwezi wa kwanza, kimya. Mwezi wa pili, kimya. Alikuja Pyo peke yake, binti mpima ardhi aliyepanga chumba kwangu. Kila Alhamisi alisimama pale na kifaa chake cha miguu mitatu. Tulidhani anapiga picha za korongo.

"Wamelala hawa!" Malsun alifoka. "Na udongo mzuri umekaa bure!"

Kwetu, ukimwonyesha bibi udongo uliokaa bure, umemwonyesha paka samaki. Baridi ilipoisha, Malsun alipanda juu ya tuta na jembe lake. Siku tatu tu, pilipili, kabichi na maboga yakawa yamekwisha kupandwa. Mimi nilipanda vitunguu, safu mbili. Msinicheke. Nani angeacha?

Sasa pilipili hutaka kitu cha kuegemea. Juu ya tuta zilisimama fimbo za chuma, zimepakwa rangi nyekundu na nyeupe. Malsun alishika moja, akaizungusha. Loo, kipande cha juu kikafunguka chenyewe! Akatoa vipande sita, akavichomeka kando ya pilipili zake na kuzifunga kwa uzi. Vipande vilivyobaki ardhini akavifukia, mtu asijikwae.

Alhamisi ilipofika, Pyo alikuja mbio uani kwa Malsun. Mimi nilikuwepo. Tulikuwa tunatengeneza tofu. Maziwa ya soya yalikuwa yameganda, tumeyafunga kwenye kitambaa, na juu yake tumeweka jiwe.

"Bibi, fimbo zangu ziko wapi?"

"Ziko kazini," Malsun akasema. "Kwako zilikuwa zinapunga upepo tu."

Pyo akaketi chini puu. Machozi yalimlengalenga. "Bibi, bila zile fimbo hatujui ardhi imezama kiasi gani. Na tusipojua, barabara haijengwi. Itabidi tuanze kupima upya. Miezi sita zaidi!"

Malsun akageuka kutazama dirishani. Mzee Taeksu alikuwa amelala pale, siku ile ametoka hospitali.

"Miezi sita?" alinong'ona. "Kwa ajili ya fimbo?"

Pyo alifuta macho, akaonyesha jiwe letu. "Bibi, hili jiwe ni la nini?"

"We naye! La kukamua maji. Bila jiwe tofu haishikani."

"Na ukiliondoa mapema?"

"Inameguka mkononi."

"Basi shamba lako ndiyo hiyo tofu. Chini ni tope, limekunywa maji miaka na miaka. Tuta ni jiwe. Linakandamiza, na maji yanatoka kidogo kidogo. Umeona yanavyochuruzika chini ya tuta?"

"Nimeona. Namwagilia kabichi."

"Ndiyo hayo! Kila fimbo imesimama juu ya sahani ya chuma, tumeizika chini kabisa. Ardhi ikizama, fimbo nayo inazama, mimi napima. Ardhi ikiacha kuzama, tunaondoa udongo wa juu na kuweka lami. Tukiharakisha, barabara itabonyea. Mabomba ya maji yatapasuka. Mashimo yatarudi yaleyale."

Malsun aligusa lile jiwe. Kisha akasema polepole, "Mzee wangu anaota barabara. Mimi nimemwibia kwa mikono yangu."

Uchungu ulimjaa, nami pia. Nilikumbuka vitunguu vyangu nikaona haya.

Ghafla Malsun akainuka na kufunga kilemba. "Twende."

"Wapi, Bibi?"

"Unadhani silijui shamba langu? Fimbo ya kwanza niliitoa penye boga. Ya pili, hatua tatu kutoka kabichi kubwa. Haya, shika koleo!"

Tukapanda tuta sote watatu. Malsun alielekeza, sisi tukachimba taratibu kwa mikono. Kila aliposema "hapa", kichwa cha chuma kilionekana. Vitunguu vyangu vilikuwa juu ya fimbo ya tano. Niliving'oa mwenyewe, kimyakimya. Kila kipande kilikuwa na namba, kikarudi mahali pake. Jioni Pyo alipima, akatabasamu.

"Imezama kidole kimoja tangu wiki iliyopita. Hesabu haijakatika, Bibi!"

Malsun akazihamishia pilipili zake kwenye ndoo kuukuu ukutani. Tangu siku ile akawa mlinzi wa tuta. Akimwona mama yeyote na jembe, anapaza sauti: "Shuka! Tofu bado!"

Kila Alhamisi mzee Taeksu alimwuliza Pyo, "Leo imezama kiasi gani?" Kidole. Nusu kidole. Unene wa ukucha. Alifumba macho akisikiliza, utadhani anasimuliwa hadithi. Asubuhi, ndani ya ukungu, tuta lilishuka taratibu mno hata sisi hatukuona.

Mwaka uliofuata, siku moja Pyo alijibu, "Leo haikuzama, Babu." Malori yakarudi. Udongo wa juu ukaondolewa, kokoto zikashindiliwa, lami ikawekwa. Kabla ya msimu wa kutengeneza kimchi, kachumbari yetu ya kabichi, tulihamia nyumba mpya.

Siku ya kwanza ya hospitali niliwasindikiza. Wakati wa kurudi, gari liliingia barabara mpya. Halikuruka hata kidogo.

"Mzee wangu, tazama," Malsun alisema. "Hapa ndipo shamba letu lilipokuwa."

Hakujibu. Niligeuka haraka. Mikono yake ilikuwa imeachia mlango, imelala mapajani. Mdomo uko wazi. Mara akakoroma.

Malsun alimfunika magoti kwa koti. Nyumba zetu zilikuwa zinaonekana mbele, dereva akaanza kupunguza mwendo.

"Usisimame, mwanangu," Malsun akamwambia kwa sauti ya chini. "Zunguka tena."

Tulizunguka mara tatu.