Mkanda wa Mke Aliyerudi

"Njooni mumwone mwanamke aliyekufa, akazikwa, akarudi nyumbani kupika!"

Soko la Kibondo lilikuwa limefurika siku hiyo. Sauti ya Evaristi ilitoka kwenye kipaza sauti, ikapita juu ya mbuzi na mafungu ya mihogo, ikamfikia msichana aliyekuwa akipima mafuta ya mawese kwa kopo. Alivaa kitenge cha njano kilichochujuka kwa jua, na mikono yake iling'aa mafuta mpaka kwenye viwiko. Aliinua uso, na Evaristi akasahau alichokuwa akitangaza.

"Wewe kaka, huyo maiti anapikaje?"

"Njoo uone. Wewe utaingia bure."

"Bure kwa nini?"

"Kwa sababu umeuliza. Hawa wengine wameamini tu."

Msichana alicheka. Jina lake lilikuwa Aline, alikaa katika kambi ya wakimbizi na shangazi yake Esteri, na alasiri ile alifunga madumu yake mapema kuliko kawaida.

Evaristi alikuwa mfasiri katika banda la video la mzee Nestori. Kazi yake ilikuwa kusimama kando ya televisheni, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, na kuwapa waigizaji Kiswahili. Kiingereza alikijua cha kuombea maji. Kichina hakukijua kabisa, lakini hiyo haikumzuia hata mara moja. Mkanda ule wa mke aliyerudi ulikuja bila ganda wala jina, na lugha yake hakuna mtu Kibondo aliyewahi kuisikia. Kwa hiyo Evaristi alijitungia kila neno.

Nami niseme wazi: haikupata kuonyeshwa picha nzuri kuliko ile katika banda lile. Ukibahatika kuupata mkanda wake, uangalie. Waliotengeneza walikuwa wachache na hawakuwa na kitu. Nyumba ni moja, sufuria ni moja, askari na padri ni mtu yuleyule aliyebadilisha kofia. Mke anarudi kutoka kaburini na udongo kwenye gauni, mume anajificha kabatini. Unapiga kelele kwa hofu. Halafu suruali ya mume inaanguka, unacheka. Halafu wanakula pamoja, wanaanza kupendana upya, na unashangaa kujikuta unafuta machozi. Mwishoni mke anasimama mlangoni, midomo inacheza kidogo, na anaondoka asirudi tena.

Aline aliipenda kupita kiasi. Kila siku ya soko aliiomba, na kila mara Evaristi alimbadilishia maneno.

"Juzi mume alisema anampenda. Leo amesema anataka maharage!"

"Ndiyo mapenzi yenyewe, mpenzi wangu. Mwanzo maneno, baadaye maharage."

"Ego, haya, mwongo mkubwa wewe! Na mimi utaniambia maharage?"

"Wewe nitakwambia ndagukunda, nakupenda, mpaka meno yaishe."

Siku moja, wakipanda mlima wa kurudi kambini, Aline alimweleza habari za mama yake. Ilikuwa mwaka wa tisini na tatu, walipokimbia vita Burundi.

"Mawe, mama yangu, alinisukuma nivuke mto na shangazi, mwenyewe akarudi kumchukua bibi. Akasema, 'Genda, ndaje.' Nenda, nakuja."

"Na hakuja?"

"Hajaja," alisema Aline kwa ukali kidogo. "Usiseme hakuja."

Evaristi aliyabeba maneno yale moyoni wiki nzima. Alitaka kumpa Aline zawadi, na kitu bora alichokuwa nacho kilikuwa sauti yake. Basi soko lililofuata, banda likiwa limejaa na Aline amekaa benchi la mbele, mke wa kwenye picha aliposimama mlangoni, Evaristi alilainisha sauti:

"Genda, ndaje."

Nyuma ya mke, mume alikuwa amekamata suruali yake kwa mikono miwili. Banda zima liliangua kicheko.

Aline aliinuka akatoka. Evaristi alitupa kipaza sauti na kumkimbilia.

"Aline! Mpenzi, subiri!"

"Umemuua mama yangu."

"Mimi? Mimi nilitaka umsikie tu..."

"Yule mke ni maiti, Evaristi! Umechukua maneno ya Mawe ukampa maiti. Sisi nyumbani hatujawahi kusema amekufa. Shangazi hajasema, mimi sijasema. Wewe umesema kwa kipaza sauti, na watu wamecheka."

Alipanda mlima wa kambini peke yake.

Aline aliacha kuja sokoni. Evaristi alibeba dumu la pombe ya ndizi mpaka kambini kuomba radhi, lakini Aline hakutoka ndani. Esteri ndiye aliyempokea.

"Mwanangu, kwetu binti haolewi kabla msiba wa mzazi wake haujafungwa," alisema Esteri kwa upole. "Na huyu, msiba wa mama yake hajakubali hata kuuanza. Miaka yote hii mimi nasubiri alie."

"Nifanye nini, shangazi?"

"Nyamaza. Najua kwako ni kazi."

Alinyamaza. Mvua zikaanza. Mchana mmoja usio wa soko, Aline alisimama mlangoni pa banda, kitenge cha njano kimelowa chepechepe.

"Weka ule mkanda," alisema. "Usiseme kitu."

Evaristi aliwasha jenereta. Walikaa benchi moja wakiacha nafasi katikati. Mke alirudi, akapika, akapendwa. Aliposimama mlangoni kwa mara ya mwisho, Aline aliinuka, akaenda akaweka kiganja kwenye kioo cha televisheni.

"Genda, Mawe," alisema polepole. "Genda. Ndaje."

Kisha aliketi chini. Alilia kilio alichokuwa amekizuia tangu mtoni, kilio kibaya cha mtu aliyekuwa na mama mpaka dakika ile. Evaristi alipiga magoti kando yake akalia naye, na hakumfasiria mtu.

Ukoo wa Aline na shangazi yake ulikuwa kambi ya Kasulu, kwa mkubwa wao mzee Harerimana, na huko ndiko msiba ungeanzwa na kufungwa. Lori lilikuwa la asubuhi. Evaristi alimshika Aline mkono juu ya ubao wa lori.

"Ukirudi, nitamtuma mzee Nestori kwa shangazi akuposee. Lakini nakuomba, usiniambie lile neno la mama yako."

"Sikwambii," Aline alisema, macho yamejaa. Lori liliondoka naye amefumba mdomo kwa nguvu.

Masika yaliisha. Lori baada ya lori lilitoka Kasulu likashusha chumvi, sabuni na watu wengine. Evaristi aliendelea kuonyesha mkanda, na mke aliposimama mlangoni alizima kipaza sauti. Watu walizoea, hata wale waliokuwa wakicheka.

Siku moja ya soko alikuwa juu ya kigoda, anatangaza, sauti imemkauka, alipoguswa mgongoni kwa mkono unaonukia mawese. Aligeuka. Msichana alikuwa amekonda, na kitenge kilikuwa kipya, cha kijani.

"Nimefika," alisema Aline.