CPU ya Bi Zuhra

Ijumaa asubuhi, kwenye steshenari ya Bi Zuhra karibu na soko kuu la Mpanda, kompyuta iligoma. Feni ilizunguka, kijitaa kikawaka, lakini skrini ikabaki nyeusi kama sufuria la msibani.

Restituta alikuwa barazani akikaanga vitumbua vya kuuza. Mwanawe Danford, fundi wa kompyuta, alikuwa ndani. Bi Zuhra alikuwa amemwita aje aangalie kwa nini mashine yake ni nzito hivyo kufanya kazi, na wakati aliinunua mpya, imekamilika, dukani kwa Mustapha. Danford akalegeza skrubu, akafungua ubavu, akang'oa feni. Vidole vyake vikatoka vyekundu kwa vumbi.

"Bi Zuhra, CPU haimo."

Bi Zuhra akalipiga kofi lile kasha. "Haimo vipi wewe? Si hii hapa umeikumbatia?"

Bushra, binti wa kazi wa pale dukani, akaangua kicheko.

"Hilo nyie wote ndiyo mnaliita CPU, lakini ni kasha tu," Danford akasema. "CPU yenyewe ni kadude kadogo kama biskuti, kanakaa hapa katikati. Angalieni, patupu."

Restituta akasogea kuchungulia. Aliona kimraba kimejaa vimiba vidogo vidogo vimesimama, havina kitu juu yake.

"Jana mchana ilikuwa inawaka," Bi Zuhra akasema taratibu. Kufuli halikuvunjwa. Akamgeukia Danford, uso umemkunjamana. "Danford. Wewe si jana jioni ulikuwa unapiga kelele hapa barazani?"

Ni kweli alipiga kelele. Mwaka mzima Danford alikuwa anaunga kompyuta yake mwenyewe, kipande kwa kipande, kwa kuwa hataki za kununua tayari. Alisema hujui umefungiwa nini ndani. Mtaa mzima ulijua imebaki CPU tu. Na Alhamisi jioni alipita akitangaza: "CPU nimeipata! Imewaka!"

Kabla ya adhana ya mchana, Afande Ponsian wa polisi alikuwa ameshafika Misunkumilo, nyumbani kwa kina Danford, amembeba Danford na kasha lake pamoja.

"Uliinunua wapi?" alimuuliza mbele ya mama yake.

"Stendi, kwa jamaa aliyekuwa anapita kwenda Kigoma. Ilikuwa yuzdi, imeshatumika."

"Jina lake?"

"Sikumuuliza."

"Risiti?"

"Afande, mtu wa stendi anatoa risiti?"

Restituta aliona mwanawe anasema kweli, na kila alilosema lilikuwa linamfungia mlango mwingine.

Jumamosi alimpelekea chakula kituoni. Danford alizungumza naye nyuma ya nondo, haraka haraka, kama mtu anayevutwa. "Mama, waambie waifungue ile yangu. Yangu ina miguu! Ya Bi Zuhra haina, miguu iko kwenye mashine. Haiwezi kuingia!"

"Miguu gani, mwanangu?"

"We waambie tu. Miguu."

Ponsian alitikisa kichwa. "Mama, mtuhumiwa hagusi kielelezo. Halafu yeye ndiye fundi, atatuambia anachotaka. Jumatatu tunampeleka mahakamani."

"Na baada ya hapo?"

"Dhamana ikikwama, atangojea kesi gerezani."

Restituta hakulia. Alitoka akiwa amebana khanga kifuani, anawaza nani mwingine ana ufunguo. Akaenda moja kwa moja kwa Bushra.

"Wewe ndiye unayefunga duka. Niambie ukweli, kabla sijakushika hapa."

"Haki ya Mungu, Mama Danford, mimi hata hiyo CPU sikuijua!" Bushra alianza kulia. "Danford aliposema haimo, nilidhani anatania, maana nilikuwa nalitazama kasha. Mimi ningeiba, si ningebeba hilo likasha?"

Alisema hivyo machozi yakimtoka, na Restituta akaona aibu. Binti huyu hakujua kitu.

Basi akaenda kwa Mustapha, muuzaji. Labda mashine ya Bi Zuhra ilikuwa na alama ya kuitofautisha. Alimkuta anamhudumia mteja, mkono juu ya kasha jipya. "Chukua CPU hii, dada, imekamilika kila kitu. Nyumbani ni kuchomeka tu. Hizo za kuunga utajitafutia presha."

Mteja alipoondoka, Restituta akasema, "Mustapha, CPU uliyomuuzia Bi Zuhra ilikuwa na alama? Wanasema mwanangu kaiiba."

"Pole sana, mama yangu. Alama ya nini? Kitu cha kufumbata kiganjani hivi, mtu anatia mfukoni anaondoka. Ndiyo hawa wanaojidai kuunga wenyewe. Wanaunga kwa vya watu."

Restituta akaondoka ameinamisha kichwa. Sokoni, Tereza muuza samaki wa migebuka akamwita: "Mama Danford! Hebu niambie, CPU nzima hivyo, huyo mtoto aliipitisha wapi watu wasimwone?"

Restituta akasimama katikati ya njia. Mji mzima ukisikia CPU unaona kasha. Mustapha mwenyewe, mkono wake ukiwa juu ya kasha, alisema CPU. Lakini ya Bi Zuhra aliiona kiganjani.

Alirudi steshenari karibu anakimbia.

"Bi Zuhra, ulimwambia Mustapha kilichoibiwa ni kale kadogo?"

"Sijaonana naye tangu Alhamisi."

"Alhamisi alikuja?"

"Nilimpigia simu kumlalamikia, nikamwambia Danford ataifungua kesho yake. Jioni akaja mwenyewe, akasema ngoja aipulize vumbi kwanza, ni huduma ya duka. Nikamwacha nikaenda kuswali Magharibi. Yule si mgeni kwangu, Mama Danford."

"Akaipuliza?"

"Akaipuliza."

"Mbona mwanangu alipofungua vidole vilitoka vyekundu?"

Bi Zuhra akavaa viatu. "Twende kwa afande."

Jumapili mchana, mezani kituoni, makasha mawili yaliwekwa bega kwa bega. Danford alisimama nyuma ya nondo. Mustapha aliitwa kama muuzaji, akaja anatabasamu.

"Mtuhumiwa hagusi," Ponsian akamwambia Mustapha. "Basi itoe wewe iliyomo kwenye la Danford, uitie kwenye la Bi Zuhra. Ikiingia, kesi imekwisha."

Mustapha aliacha kutabasamu. Akaitoa taratibu, akaishika juu ya kile kimraba, asiiteremshe. Ponsian akamnyang'anya, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Chini ilikuwa na miguu mamia, myembamba kama sindano. Na pale ilipotakiwa kukaa hapakuwa na tundu hata moja, vimiba vitupu.

"Hii haiingii," akasema. "Haijawahi kukaa humu."

"Basi kaiuza ile akanunua hii!" Mustapha akadakia. "Vijana ndivyo walivyo, afande."

Nyuma ya nondo Danford akafumba macho. Restituta akaona mlango wa mwisho unajifunga, akasogea mezani.

"Mustapha, jana ulijuaje kilichoibiwa ni cha kufumbata?"

"Mama, mimi nauza kompyuta. Niache kujua CPU?"

"Dukani kwako unakiita nini CPU? Jana ulilishika kasha, ukamwambia yule dada achukue CPU hii. Dakika ile ile nikakutajia CPU ya Bi Zuhra, na wewe ukanionyesha kiganja. Nani alikwambia kasha limebaki?"

Mustapha akamtazama Bi Zuhra.

"Usinitazame mimi," Bi Zuhra akasema. "Sikukwambia neno. Hilo vumbi ulilipuliza wapi, Mustapha? Lote limo humu."

Ponsian akavuta kiti mbele ya Mustapha. "Iko wapi?"

"Droo ya dukani," Mustapha akasema, sauti imeshuka. "Ya ndani ilikuwa kuukuu, afande. Niliitoa kwenye mashine mbovu, nje nikabandika stika ya mpya. Huyu kijana angeifungua tu, mji mzima ungejua ninachowauzia. Nikasema, ikikosekana, hakuna wa kuisoma maandishi akajua ni ya zamani."

"Na mwanangu alipokamatwa?"

"Hilo sikulipanga, mama."

"Lakini ulinyamaza."



Jioni ile Danford alitoka kwa mguu wake, lakini kasha lake lilibaki kituoni, sasa kielelezo cha kesi ya Mustapha. Mpaka lini, Ponsian alisema hajui. Danford alilitazama kama mtu anayemwacha mtoto wodini.

Nje Bi Zuhra akamshika bega. "Nisamehe, mwanangu. Njoo kesho uniungie mpya. Sitaki tena za tayari."

Danford alikuwa ameshaanza kutabasamu. Restituta akaingia katikati yao.

"Atakuungia," akasema. "Lakini mchana, mlango wazi, na wewe umekaa hapo hapo kwenye kiti unamtazama mikono. Kila kipande aonyeshe kabla hajakifungia ndani. Ukitoka hata kwenda chooni, Bi Zuhra, naye atoke asimame barazani mpaka urudi."

"Mama!" Danford akasema. "Kwani hata wewe huniamini?"

"Nakuamini," mama yake akasema, akamshika mkono na hakuuachia mpaka Misunkumilo.