Kitufe Kilichonata Shira

"Nikimaliza kahawa hii, Verlin, naondoka. Una neno?"

Twyla Oakes alikuwa ameegemea bawa la ndege yake ya njano, kikombe mkononi. Mabegi yalishafungwa kiti cha nyuma. Alikuwa anahamia Arizona kwa dada yake, na hakuwa na mpango wa kurudi Nebraska.

Verlin Kucera aliitazama soksi ya upepo, ule mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo unakotoka, mwisho wa uwanja wa ndege. Neno alikuwa nalo. Alilala nalo na kuamka nalo tangu kiangazi cha mwaka juzi. Lakini lilipofika kooni likageuka.

"Upepo unatoka kusini-magharibi," akasema. "Utakupiga usoni njia nzima."

Twyla akamtazama kidogo. "Asante kwa taarifa ya hali ya hewa," akasema, akaenda kuongeza kahawa.

Asubuhi ile marubani wa kila upande walikuwa wametua pale uwanja mdogo wa Harlow kula na kushindana, kama kila mwaka. Vindege vya rangi zote vilijipanga kwenye nyasi, wazee wakakaa vitini chini ya mabawa, wakisimuliana uongo ule ule wa mwaka jana. Gaylen, rafiki wa Verlin, alikuwa anageuza chapati za maji kwenye bati pana, na juu ya meza yake redio ilikuwa imeunganishwa na spika ili watu wasikie nani anakuja kutua. Hata Stroud, mwenyekiti wa kaunti, alikuwepo, ana sahani mbili. Huyu ndiye aliyetaka uwanja uuzwe yajengwe maghala. Hajawahi kupanda ndege ndogo maishani, ila chapati za bure hazimpiti. Wakubwa ndivyo walivyo, wanakufungia mlango huku wanatafuna chakula chako.

Verlin alimaliza sahani yake, vidole vimejaa shira ya chapati, akapanda ndege yake kwa shindano la kurusha vifuko vya unga kutoka angani viangukie duara la chokaa. Zamani mkewe Ardith ndiye aliyerusha, na hakuwa akikosa. Tangu amzike, Verlin aliruka peke yake, mto wa maua wa Ardith ukiwa bado kwenye kiti cha kulia. Akabonyeza kitufe cha redio, akatangaza kwamba anaruka, akaachia.

Huko juu redio ilikuwa kimya ajabu. Akadhani wote midomo imejaa.

"Ardith, mke wangu," akauambia mto, kama alivyozoea. "Twyla anaondoka. Kaniuliza kama nina neno, nimempa upepo."

Akakata kona juu ya mahindi.

"Nampenda. Usininunie. Anacheka kama injini asubuhi ya baridi, inakohoa kwanza halafu inakamata. Biskuti zake ni kokoto tupu na ninazila zote. Mezani naweka vikombe viwili, mama, na siku hizi sijui cha pili ni chako au chake."

Alipopita juu ya meza za chakula akamwona Stroud, moyo ukachemka.

"Na yule pale, aliyeifunga zahanati yetu ukanifia njiani, leo anakula sahani mbili."

Akarusha kifuko. Kikaangukia mahindini.

Alipokuja kutua aliona watu wote wamesimama, wanamtazama, na hakuna anayepunga mkono. Akazima injini. Simu ilikuwa na ujumbe wa Gaylen, mmoja juu ya mwingine:

"Verlin achia kitufe"

"ACHIA KITUFE. Tunakusikia wote kwenye spika"

"Basi endelea mzee. Watu wameacha kula"

Verlin akakitazama kitufe. Kilikuwa kimezama ndani, kimenata shira. Akakiinua kwa ukucha, kikalia tak. Alitamani akae humo ndani mpaka theluji ianguke.

Twyla alikuwa tayari anavuka nyasi. Akafungua mlango wa kulia.

"Biskuti zangu ni kokoto?"

"Twyla, mimi..."

"Nimekuuliza."

"Ngumu kidogo," akasema Verlin. "Lakini nazila zote."

"Nimesikia. Kaunti nzima imesikia."

Gaylen alipaza sauti kutoka kwenye bati lake kwamba shemeji amwache mzee ashuke kwanza anywe maji. Stroud alikuwa amesogea karibu na pikapu yake nyeupe, sahani ameziacha mezani, na hakuna aliyemwita arudi.

"Muda wote huu nimesubiri useme kitu ambacho si upepo," akasema Twyla. "Halafu unakwenda kumwambia Ardith kabla yangu."

"Ardith hanikatizi."

Twyla akacheka. Kicheko kikakohoa kwanza, halafu kikakamata. Kisha akautazama ule mto wa maua, na sauti yake ikashuka.

"Huu mto wake. Niukalie au niupakate?"

Verlin aliyatazama maua ya ule mto, yaliyofifia upande wa jua.

"Upakate," akasema.

Twyla akapanda, akauweka mto mapajani, akafunga mkanda.

"Na dada yako?"

"Nitampigia simu. Nitamwambia upepo ni mbaya."

Wakaruka na kifuko kimoja cha unga kilichobaki. Twyla akatoa mkono dirishani, akasubiri, akasubiri tena, akakiachia. Kikalipita duara mbali kabisa, kikapasukia juu ya boneti ya ile pikapu nyeupe. Chini watu wakarusha kofia.

"Umekosa duara," akasema Verlin.

"Nani kakwambia nililenga duara?"

Akanyoosha mkono, akaweka kidole gumba kwenye kitufe cha redio, akakibonyeza na kukishikilia.

"Sasa sema tena," akasema. "Safari hii nimebonyeza mimi."

Verlin akasema tena, lote, kuanzia mwanzo, na upepo hakuutaja.